Waya Kumi na Moja za Trekta ya Baba Mkwe

Milima ya Masisi imewaharibu mafundi wengi. Gari ikikataa kuwaka, hakuna anayefungua boneti kutazama kuna nini. Watu wanaisukuma hadi kwenye mteremko, inabingirika, dereva anaachia klachi, injini inakohoa, safari inaendelea. Pikipiki hivyo hivyo. Watu huegesha vyombo vyao vikitazama bondeni na kujihesabu kuwa wana vyombo vizima. Mimi ni mtu wa Walikale, nimezaliwa msituni, ambako barabara ni tope tupu na gari ikizimika imezimika. Kwa hiyo nilipoolewa huku, kati ya Sake na Kirolirwe, desturi hiyo ilinichekesha. Baadaye iliniudhi. Hasira zangu ziko karibu, mume wangu atakuambia.

Baba mkwe ndiye aliyeizoea desturi hiyo kuliko wote. Alikuwa na trekta ndogo ya bustani, ya mazutu, yaani dizeli, ya zamani, fupi kiasi kwamba kiti chake kilinifika kiunoni. Miaka mingi aliiendesha katika feremu, shamba kubwa la ng'ombe kule Kirolirwe, akikata nyasi na kuvuta mkokoteni wa maziwa, na mwenye feremu alipoondoka alimwachia. Mzee aliipenda waziwazi. Alikuwa na kitambaa cha kuifutia ambacho mtu mwingine haruhusiwi kukigusa, na mama mkwe alizoea kusema kwamba katika ndoa yao wako watatu.

Vita vilipotufukuza tukakimbilia kambi ya Lushebere, tuliiacha kibandani. Tuliporudi tulikuta chuma kipo, magurudumu yapo, lakini batri hakuna, taa hakuna, na waya zote zimeng'olewa kama magugu. Kipande kimoja nilikiona kwa jirani kikianikiwa nguo. Nilipomuuliza, alisema kamba ile ni ya tangu enzi za babu yake, na huku mwishoni mwake ilikuwa bado inaning'inia soketi ya taa. Nilicheka mpaka akacheka na yeye, lakini hakunirudishia.

Injini ya mazutu ikishaanza kuzunguka haihitaji umeme. Basi mzee hakujali. Kila asubuhi aliachia breki, trekta ikateremka kutoka kibandani, ikawaka, ikaenda zake. Shida ni kwamba shamba letu la maharage na viazi liko bondeni, mahali pekee palipo tambarare katika eneo letu lote. Ikizimika huko, lazima waitwe watu wa kuisukuma kupanda mlima ili ipate kushuka tena. Msimu uliopita ilizimika mara tatu kwa siku moja. Mara ya tatu wanaume waliokuwa wakiisukuma waliiacha katikati ya njia, wakakaa kwenye majani, wakasema basi. Mzee alibaki ameushika usukani peke yake, kiuno kinamuuma.

Jioni moja, tukiwa tunakula, alitutangazia kwamba amezungumza na mnunuzi wa vyuma kutoka Sake. Baada ya majuma mawili, siku ya Jumamosi, mtu huyo angekuja na lori lake na moto wa kukatia, waikate vipande palepale. Alisema hivyo bila kuinua macho. Sijawahi kumwona mtu akitafuna kiazi kimoja kwa muda mrefu namna ile. Mama mkwe, ambaye miaka yote aliitania trekta kama mke mwenza, aliondoka akaenda nje, akakaa huko.

Mimi nikasema, "Papa, munipe izo juma mbili."

"Ufanye nini?"

"Nirudishe waya. Itawaka na ufunguo, hata mu tambarare."

Aliniangalia. "Weye?"

Neno moja tu, lakini lilinichoma hadi leo nikilikumbuka nasikia moto masikioni. Ni kweli sikuwa nimesomea. Umeme niliujua kule Lushebere, nilipokuwa mama wa kuchaji simu, na kipande cha panneau solaire, paneli ya jua, na batri iliyochoka. Batri ilipokataa nilijifunza kuiuliza kwa nini. Kisha nikaanza kurekebisha redio za watu, kisha taa za pikipiki, na wanaume walioleta pikipiki zao walikuwa wakiuliza fundi yuko wapi huku nikiwa nimeshika bisibisi mbele yao. Kwa hiyo lile "weye" nilikuwa nimelizoea. Kutoka kwa mzee huyu ndiko kulikoniuma, kwa sababu nilikuwa nampenda.

Alinipa yale majuma mawili.

Nakiri kwamba nilianza na rangi, na nilianza nayo kwa majivuno. Fundi mwenye akili angeanza na waya. Lakini nilitaka watu wanaopita barabarani wasimame. Nilikwangua kutu siku mbili, nikaiosha kwa majivu na sabuni, halafu nikaipaka ile rangi ya kijani iliyobaki wakati walipopaka milango ya kanisa. Niliipaka tabaka mbili, kila mahali brashi ilipofika. Watu walisimama kweli. Mzee alizunguka mara tatu, mikono nyuma, kisha akaenda kuleta kitambaa chake.

Ndipo nikaingia kwenye waya. Nilihitaji kumi na moja. Za kwenda kwenye taa za mbele, za nyuma, za kwenye buji zinazoipasha moto injini asubuhi za baridi, za kwenye ufunguo, za kwenye demarere, yaani ile mota ndogo inayoamsha injini kubwa. Waya niliyoipata ilitoka Sake, kwa mtu aliyevunja nyumba yake ya zamani, na yote ilikuwa nyeusi. Ukifunga waya kumi na moja nyeusi pamoja na kuzipitisha chini ya kiti, upande wa pili hakuna binadamu anayejua ipi ni ipi.

Hapo nilimkumbuka baba yangu. Alikuwa mtegaji kule Walikale, na njia yake ya mitego ilikuwa ndefu, nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Ili asisahau ametega nini wapi, kwenye kila tawi la kuingilia alifunga uzi wa gome wenye mafundo: fundo moja, mtego wa mguu, mawili, wa shingo, matatu, shimo, usikanyage. Nilitembea nyuma yake nikizisoma zile nyuzi kwa vidole. Ndugu zangu hunitumia bado nyuzi za gome kutoka kwetu, kwa ajili ya kufuma vikapu. Nikachukua hizo, nikafunga kila mwisho wa waya. Fundo moja, taa ya kushoto. Mafundo mawili, ya kulia. Mpaka kumi na moja. Nilipomaliza, trekta ilikuwa imejaa vijinyuzi vyekundu vyenye mafundo, mbele na nyuma, na mimi niliiona nzuri kupita maelezo.

Majirani waliuliza, "Unafungafunga nini apo?"

Nami nikajibu kwa kucheka, "Ni mambo ya kwetu Walikale." Nilikuwa najua wanavyotuona, watu wa msitu, na nilifurahia kuwatia wasiwasi kidogo. Ningeweza kueleza kwa maneno matano tu. Sikueleza. Nilitaka waendelee kujiuliza.

Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili, nilirudi kutoka shambani nikakuta waya zimelala safi, nyeusi, tupu. Hakuna uzi hata mmoja. Na mbaya zaidi, waya zilikuwa zimefunguliwa kutoka pale nilipozikamatisha, zimenyooshwa vizuri pembeni kama nguo zilizokunjwa. Nyuma ya kibanda palikuwa na kijirundo cha majivu kinachotoa moshi. Mama mkwe alikuwa amesimama pale na wenzake wawili wa kikundi cha maombi, kitabu cha nyimbo mkononi.

"Mama, nani amegusa waya zangu?"

"Ni siye," akasema, bila woga wowote. "Tulitosha ile dawa, tukaichoma, tukaombea na trakteri na weye."

"Dawa gani?"

"Ile ya mafundo. Mutoto yangu, mwenye kukuambia ufunge ivyo, hakutakie mema."

Nilisema maneno. Sitayaandika, kwa sababu mke wa mtu hamwambii mama mkwe maneno yale, na nilimwambia mbele ya wenzake. Nilimwambia kwamba ameichinja trekta mwenyewe kabla ya mtu wa Sake kufika. Wale wawili walikimbia na vitabu vyao. Mama mkwe hakukimbia. Alisubiri mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akaniuliza sababu ya kunyamaza kwangu.

"Juu ya nini haukusema?"

Nilikaa chini kwenye majivu. Nikamweleza sasa, fundo kwa fundo, mitego ya baba, taa ya kushoto, taa ya kulia, huku nikilia. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka mkono mdomoni.

"Yesu wangu. Ni alama tu?"

"Alama tu, Mama."

"Siye tulifunga na njaa tangu asubuhi juu ya alama?"

Alianza kucheka, nami bado nalia, kisha sikujua tena ninafanya lipi. Nilimwomba msamaha, kwa maneno ya wazi, kwa sababu yeye alifunga chakula kwa ajili yangu na mimi nilikuwa nimefunga mdomo kwa ajili ya majivuno yangu.

Ijumaa tulianza upya, mimi na yeye. Nilichukua kitaa cha pikipiki chenye miguu miwili ya waya na batri yetu ndogo ya nyumbani. Yeye alikaa mbele ya trekta na kile kitaa, mimi nyuma na batri, na waya moja ya ziada ikirudisha umeme kutoka kwake hadi kwangu. Nilikuwa nagusa mwisho mmoja wa waya, naye anajaribu za kwake moja baada ya nyingine mpaka kitaa kiwake.

"Iyi?"

"Bado."

"Iyi je?"

"Endelea, Mama."

"Imewaka! Imewaka, njo iyi!"

Kila ilipowaka alipiga kelele kama mara ya kwanza, mara zote kumi na moja. Kwa alama alikataa kabisa nyuzi za gome. Alipasua kitenge chake cha zamani na nguo nyingine mbovu, kila waya rangi yake, akisema kitambaa hakina mtu anayekiogopa. Hakutaka kuandika kwenye karatasi; alizitia kichwani. Jioni alikuwa anazijua kuliko mimi. Nilimsikia akimweleza mzee, "Ile ya maua ya manjano inaenda mu demarere," na mzee akiitikia kama mtu anayesikiliza habari za redio.

Batri kubwa ndiyo iliyobaki. Ile yetu isingeweza kuamsha hata jogoo. Yenye nguvu ilikuwa ya kanisa, inayolisha vipaza sauti vya kwaya, na nani angempa batri ya Mungu mwanamke wa Walikale mwenye mafundo? Mama mkwe alikwenda mwenyewe usiku uleule, na alichowaambia sikijui. Asubuhi ya Jumamosi mmoja wa wale waliochoma nyuzi zangu alitokea akiwa ameibeba batri mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, jasho linamtiririka. "Irudi mbele ya ibada," akasema tu, kwani kesho yake ilikuwa Jumapili.

Niling'ang'ania tuijaribu shambani, bondeni, kwenye tambarare. Kibandani mtu yeyote angesema ni mteremko ndio ulioiwasha. Kwa hiyo tulikuwa huko wote, matope ya umande miguuni, wakati mnunuzi wa vyuma alipofika. Hakuwa mtu mbaya. Aliisifu rangi, akamsalimia mzee kwa mikono miwili, akaketi juu ya chupa yake ya gesi kusubiri. Lakini vijana wake walikuwa wamekwisha kunyoosha mipira ya gesi ya kukatia chuma.

Mzee alipanda kwenye kiti. Nilimwambia azungushe ufunguo hatua ya kwanza tu, buji zipate joto. Taa ndogo ya dashibodi ikawaka, lakini nyekundu, dhaifu, kama kaa linalokufa. Akazungusha hatua ya pili.

Tak.

Akarudia. Tak. Taa ikazimika.

Mnunuzi alijipangusa suruali. "Papa, tusipoteze wakati," akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kejeli. Nikamwona mzee anaanza kuinua mguu ashuke.

"Papa, musishuke!"

Nilimpigia kelele baba mkwe mbele za watu. Aliurudisha mguu.

Nilifuata waya kwa macho, kila moja ilikuwa mahali pake. Jana tulipima zote. Sikuona kosa popote. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu la mbele, akiitazama waya nene ya masi. Nilikuwa nimemfundisha jana kwamba kwenye nyumba umeme huenda kwa waya moja na kurudi kwa nyingine, lakini kwenye trekta hurudi kwa kupitia chuma chenyewe, na masi ndiyo inayokishika chuma.

"Iyi ya masi, ulisema inakamata chuma?"

"Ndiyo, Mama."

"Chuma iko wapi? Miye naona rangi tu."

Nilitaka ardhi inifunike. Ile kijani yangu, tabaka mbili, kila mahali brashi ilipofika, ilikuwa imelala katikati ya waya na chuma, nzito kama ganda la ndizi. Jana tulikuwa tunapima waya kwa waya, hatukupima chuma hata mara moja. Watu wawili walikuwa wamekaribia kuiua trekta ile, mmoja kwa sala na mwingine kwa urembo, na wa urembo hakuwa na pa kujificha.

Nilifungua bolti, nikachukua kisu cha kumenyea viazi kutoka kiunoni mwa mama mkwe, nikakwangua. Nilikwangua mpaka chuma kikang'aa. Nikairudisha waya, nikaikaza kwa nguvu zangu zote.

"Papa, ufunguo. Ya kwanza tu. Hesabu makumi mbili."

Taa iliwaka nyeupe. Mzee alihesabu kwa sauti, kwa Kifaransa, kama alivyokuwa akihesabu ng'ombe wa feremu wakiingia zizini. Alipofika ishirini alinitazama kwanza, anangoja ruhusa. Niliitikia kwa kichwa. Akazungusha.

Demarere ikanguruma, injini ikapiga moja, ikapiga mbili, ikamwaga moshi mweusi usoni mwa mnunuzi wa vyuma, ikashika. Ikasimama palepale kwenye tambarare ikitetemeka na kuongea. Wanawake walipiga vigelegele. Mama mkwe alikuwa anaruka, mtu wa umri ule, kwenye miche ya maharage.

Lakini mimi nilikuwa sijamaliza. Nikamwambia mzee, "Zimisha."

Kelele zilizotoka hapo! Huku kwetu mtu hazimi injini akiwa bondeni, afadhali aiache iunguze mazutu hadi jioni. "Hapana! Usizimishe!" kila mtu alikuwa anapaza sauti, hata vijana wa mnunuzi. Mzee alishika kile kijiti cha kuzimia na uso wake ulikuwa wa mtu anayeombwa ajikate kidole. Nilimtazama machoni, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Papa, mi njo nasema. Zimisha."

Akavuta. Kimya kilishuka, kikubwa, mpaka ng'ombe wa mlima wa pili wakasikika. Kisha akashika ufunguo, na safari hii hakunitazama, hakungoja hesabu ifike hata tano. Injini ilikuwa bado na joto. Iliwaka kabla hajamaliza kuzungusha mkono.

Mzee alilia. Simtungii, alilia juu ya kiti chake akiwa ameushika usukani, na machozi hakuyafuta. Mimi nilijiona mrefu. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nimevaa kanga yenye grisi, matope mpaka magotini, na nilijiona mrefu kuliko lori la Sake.

Mnunuzi wa vyuma aliamuru mipira ya gesi ikunjwe. Kisha akasogea kwa mzee, akalazimika kupaza sauti juu ya injini, akasema kwamba lori lake halina taa hata moja na kila siku linasukumwa, je, Papa angekubali kumwazima huyu mke wa mtoto wake kwa siku moja?

Mzee alinyoosha kidole kwangu.

"Unaniuliza miye juu ya nini? Fundi ule pale. Muulize yeye."

Yule mtu akageuka, akavua kofia, akaniuliza.

"Uyee Jumatatu," nikamwambia, "na batri moja muzima ya kutubakilia. Leo hapana. Leo tunalima."